Selous: Mwindaji aliyeponea gobori lililokataa kulia

MIONGONI mwa wageni waliopokewa mwaka 1909 na William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani aliyemiliki shamba la Juja, kati ya Ruiru na Thika, alikuwamo Mwingereza Frederick Courteney Selous. Huyu ndiye aliyemsaidia Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, kupanga msafara wake wa uwindaji uliopitia shambani humo mwaka huohuo.

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Alipofika kusini mwa Afrika mwaka 1871 alikuwa kijana wa miaka 19, naye akaanza kuwinda ndovu kwa magobori ya bei nafuu. Risasi moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 100, na baruti aliichota kwa kiganja.

Gobori la namna hiyo lilikuwa na kasoro inayojulikana. Kifyatulio kikivutwa, nyundo huipiga fataki, na cheche hupita katika kitundu chembamba kuifikia baruti iliyo ndani ya mtutu. Unyevu au masizi yakikiziba kitundu hicho, fataki hulia peke yake na baruti hubaki ilivyo.

Ndivyo ilivyotokea siku moja Selous akimlenga ndovu. Fataki ililia, bunduki ikanyamaza. Alimrudishia mbeba bunduki wake, naye katika purukushani ile akadhani imekwisha kufyatuliwa. Akashindilia baruti nyingine na risasi nyingine juu ya zile za kwanza. Selous alipofyatua tena, vyote viwili vililipuka kwa pamoja. Alirushwa chini, uso ukijaa damu, na bunduki ikamtoka mikononi ikaangukia mbali.

Aliponea chupuchupu. Baadaye aliyaacha magobori akatumia bunduki za kujazwa nyuma, ambazo mwindaji huweza kuzifungua na kuona kama risasi imo au haimo. Hata hivyo alijuta maishani kwamba aliwahi kuyatumia, kwa kuwa mateke yake yalimwachia woga uliomharibia shabaha.

Funzo la mkasa huo halijachakaa. Hata bunduki ya kisasa inayojijaza risasi yenyewe, ikivutwa kifyatulio isilie, huhesabiwa kuwa imejaa. Huenda moto umechelewa tu. Mtutu huelekezwa pasipo na mtu, mshikaji husubiri, ndipo huifungua na kuikagua. Na anayeikabidhi kwa mwenzake hana budi kumwambia kwamba haikulia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Selous, aliyekuwa amevuka miaka 60, alijiunga na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, alimokuwamo pia McMillan, mwenyeji wake wa Juja. Alipigana Bukoba mwezi Juni 1915, na mwaka 1916 akatunukiwa nishani ya DSO. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na mto Rufiji, risasi ya jeshi la Wajerumani ilimuua akiwa na umri wa miaka 65. Mwanawe Freddie aliuawa vitani tarehe hiyohiyo mwaka uliofuata.

Alizikwa palepale Beho Beho. Pori la Akiba lililopewa jina lake mwaka 1922 lilimegwa mwaka 2019, na sehemu yake kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.