Dostoyevsky Alivyoionja Hofu Kabla ya Kuiandika

Viko vitabu ambavyo mtu huvisoma usiku na asubuhi akawa amekwisha visahau. Na viko vingine ambavyo hata ukivifunga hukufuata kitandani. Kimojawapo ni riwaya ya Mrusi Fyodor Dostoyevsky iliyotoka mwaka 1866, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita Jinai na Adhabu. Kisa ni cha Raskolnikov, mwanafunzi fukara, aliyemuua kwa shoka ajuza mmoja aliyekuwa akikopesha watu kwa rehani na kula riba. Nduguye ajuza, mwanamke mpole asiye na kosa, aliingia ghafla, naye akauawa papo hapo.

Msomaji wa hadithi za upelelezi amezoea kungoja mpaka mwisho ndipo amjue muuaji. Hapa muuaji anajulikana tangu mwanzo. Mauaji yako katika sehemu ya kwanza, na sehemu tano zinazofuata ni za nafsi inayojila yenyewe. Mali aliyoiba ameifukia chini ya jiwe wala haigusi. Homa imempanda, maneno yampotea, na kila abishaye hodi humdhania ni askari. Msomaji naye huanza kuogopa, kwani hujiona anamwombea muuaji asikamatwe!

Mwandishi aliyajuaje haya? Jibu limo katika maisha yake.

Dostoyevsky alizaliwa Moscow mwaka 1821, mwana wa daktari wa hospitali ya maskini. Alisomea uhandisi wa kijeshi huko St. Petersburg, lakini moyo wake ulikuwa katika kalamu. Kitabu chake cha kwanza, juu ya maisha ya mafukara, kilimletea sifa tele mwaka 1846. Sifa hizo hazikudumu. Mwaka 1849 alitiwa mbaroni pamoja na wenzake waliokuwa wakikutana kujadili mambo ya siasa. Kosa lake kubwa lilikuwa kuwasomea wenziwe barua iliyopigwa marufuku na serikali.

Mwezi wa Desemba walipelekwa uwanjani kupigwa risasi. Watatu wa mwanzo walifungwa kwenye nguzo. Dostoyevsky alikuwa katika kundi la pili. Bunduki zilikwisha kulengwa ndipo ikaletwa amri ya Mfalme Nicholas wa Kwanza kuwasamehe roho zao. Kumbe yote yalipangwa mapema ili kuwatia adabu. Mmoja wao alirukwa na akili. Dostoyevsky alitiwa minyororo akapelekwa gereza la Omsk, Siberia, kwa miaka minne.

Huko alilala ubao mmoja na wauaji na wezi, akiwatazama na kuwasikiliza. Aliona kwamba adhabu moja haiwi sawa kwa watu wawili: huyu aliua na hana dalili ya majuto, yule ajihukumu kwa ukali kuliko kadhi. Katika kitabu chake juu ya gereza hilo ametaja kwa mapenzi makubwa kijana wa Kiislamu wa Dagestan, Aley, aliyefundishwa kusoma Kirusi na mfungwa mwenzake. Na alipofunguliwa mwaka 1854, miongoni mwa vitabu alivyomwandikia kaka yake ampelekee ilikuwamo Kurani.

Mitihani haikumwacha. Mwaka 1864 alifiwa na mkewe, kisha kaka yake, akarithi madeni. Kifafa kilikuwa kikimwangusha, na kamari ilimtia umaskini hata akaweka rehani pete za ndoa. Kwa hiyo mlango wa mkopeshaji aliujua vyema. Mwaka ule ule wa Jinai na Adhabu alibanwa na mkataba wa mchapishaji, akamsomea mwandishi wa hati mkato, Anna, riwaya nzima kwa siku 26. Mwaka 1867 alimwoa Anna, naye ndiye aliyemsimamia mambo yake. Kamari aliiacha mwaka 1871. Alifariki mwaka 1881, akiwa na umri wa miaka 59, na maelfu wakalifuata jeneza lake.

Wako wazee wanaosema vitabu vya namna hii huharibu vijana, kwa kuwa vimejaa damu na giza. Hofu yao ina haki, maana ziko hadithi nyingi ambazo humwaga damu kwa mchezo. Lakini katika kitabu hiki hakuna tone lisilolipiwa. Raskolnikov hakushindwa na askari. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kukiri, akahukumiwa miaka minane Siberia, kule kule alikofungwa aliyemtunga. Wahenga wetu walikwisha kunena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana akikisoma kitabu hiki hadi mwisho, atakuwa ameyaona maradhi hayo kwa ndani, naye hajamgusa mtu.