Papa Simon Kimbangu: Mtu Aliyempenda Mungu Kuliko Vyote

Tukumbuke maisha ya Papa Simon Kimbangu, ili kila mmoja apime upendo wake kwa Mungu.

Alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, mwaka 1887. Mwaka 1915 alibatizwa pamoja na mke wake, Mama Marie Muilu, katika misheni ya Wabatisti. Mwaka 1918, wakati ugonjwa wa mafua ulipoua watu wengi, alisikia mwito wa Mungu. Hakuitika. Alikimbilia Kinshasa kutafuta kazi na mshahara, lakini mwito ulimfuata mpaka huko, na mji haukumpa raha. Akarudi kijijini.

Tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe-Kinsuka, alimwombea mwanamke mgonjwa, jina lake Nkiantondo, kwa jina la Yesu, naye akapona. Watu wakajaa Nkamba toka pande zote. Aliwafundisha kuacha sanamu, ngoma za uchafu na kuoa wake wengi. Wengi walichoma sanamu zao kwa mikono yao wenyewe, kwa sababu walikuwa wamepata cha kupenda zaidi.

Serikali ya Wabelgiji iliogopa. Mwezi wa 6 askari walikuja kumkamata, akawaponyoka, akakaa mafichoni karibu miezi 3. Hapo ndipo upendo wake ulipojaribiwa. Alikuwa na mke na wana 3: Kisolokele, Dialungana na Diangienda, mdogo akiwa na miaka 3 tu. Lakini mwezi wa Septemba alirudi Nkamba mwenyewe, akajitoa mikononi mwa askari. Tarehe 3 Oktoba 1921, korti ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu fimbo 120 na kifo, bila wakili wa kumtetea. Mfalme Albert wa Kwanza akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa Élisabethville, leo Lubumbashi, akafa mfungwa tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Nyumbani, Mama Muilu alilichunga kundi kwa siri.

Yule aliyemkimbia Mungu mwaka 1918 hakumkimbia tena.

Wapendwa, kila mtu ana Kinshasa yake ya kukimbilia. Huku kwetu, kijana anatoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Kabambare, jasho la wiki nzima anamaliza kwa lutuku usiku mmoja, na siku ya ibada anasema amechoka. Dhahabu si dhambi, kazi si dhambi. Lakini tumpe Mungu moyo mzima, si makombo yanayobaki baada ya starehe. Soma Mathayo 22:37, kisha ujiulize: akiniita leo, atanikuta wapi?

Mungu awabariki. Amina.