Mkemia aliyebuni lenzi laini mezani kwake

SERIKALI ilikuwa imekwisha kukatiza mradi wake Otto Wichterle alipofanikiwa. Wakati wa Krismasi ya 1961, nyumbani kwake Prague, Chekoslovakia, mkemia huyo aliunganisha vyuma vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli, akapata mtambo mdogo uliotoa lenzi nne laini za kuvaliwa machoni.

Wichterle alizaliwa Oktoba 27, 1913 mjini Prostějov. Wajerumani walipovifunga vyuo vikuu mnamo 1939, aliajiriwa na kampuni ya viatu ya Baťa, ambayo jina lake ni maarufu hata nchini Kenya. Huko alibuni uzi wa silon. Mnamo 1942 alikamatwa na Gestapo na kuzuiliwa kwa miezi kadhaa.

Baada ya vita, yeye na mwenzake Drahoslav Lím walisaka plastiki ambayo mwili wa binadamu haungeikataa. Walipata jeli ambayo ikilowa, takriban asilimia 40 ya uzani wake huwa maji. Matokeo hayo yalichapishwa 1960.

Jeli hiyo ni minyororo mirefu ya molekuli iliyofungwa pamoja kwa viunganishi vichache. Viunganishi vikizidi, huwa ngumu na hunyonya maji kidogo. Vikipungua mno, hulegea. Nayo maji yakizidi wakati wa kuiunda, hupoteza uangavu, ikawa nyeupe yenye vitundu kama sponji. Jeli ya aina hiyo haifai kuonea.

Hata baada ya kipimo kupatikana, lenzi zilizotolewa katika kalibu za kawaida zilichanika kingo. Wichterle akaamua kuizungusha kalibu kwa kasi, kiowevu kikatandaa chenyewe na kuganda kikiwa na kingo laini. Mkewe Linda, aliyekuwa daktari, alimsaidia kutengeneza maelfu ya lenzi zilizofuata.

Haki za uvumbuzi huo ziliuzwa kwa kampuni ya Marekani, na Wichterle akaambulia sehemu ndogo tu ya mapato. Mnamo 1971 lenzi hizo ziliidhinishwa kuuzwa Marekani. Yeye alikuwa tayari ameondolewa uongozini katika taasisi yake, kwa kuunga mkono mageuzi ya 1968.

Utawala wa kikomunisti ulipoanguka, alifanywa rais wa Akademia ya Sayansi ya Chekoslovakia mnamo 1990. Alifariki Agosti 18, 1998, akiwa na umri wa miaka 84.