Paul Williams: Msanifu aliyejenga mitaa asiyoruhusiwa kuishi

WATEJA Wazungu waliofika katika ofisi ya Paul Revere Williams jijini Los Angeles, Marekani, miaka ya 1920, waliketishwa upande wa pili wa meza. Kutoka huko waliitazama nyumba waliyoitamani ikichorwa ikiwa wima machoni pao. Williams, aliyekuwa mweusi, alikuwa amejifunza kuchora kinyume ili mteja asilazimike kuketi bega kwa bega naye. Ulikuwa ustadi wa ajabu, ingawa ni ubaguzi uliomlazimu kuupata.

Alizaliwa jijini humo mwaka wa 1894. Wazazi wake, waliotoka Memphis, walifariki kutokana na kifua kikuu kabla hajatimiza miaka mitano, akalelewa na familia nyingine. Mwalimu mmoja alimkanya asisomee usanifu, kwa hoja kwamba Wazungu hawangempa kazi nao weusi hawakuwa na pesa za kujenga. Hakusikia. Alipata leseni mwaka wa 1921, na mnamo 1923 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa mwanachama wa Taasisi ya Wasanifu ya Marekani.

Aliwajengea mabwanyenye na nyota wa filamu majumba ya kifahari katika mitaa ambayo hati za ardhi ziliharamisha mtu mweusi kuishi, labda awe mtumishi. Mchana alikagua ujenzi huko. Jioni alirudi kwake mtaa mwingine. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizima makali ya masharti hayo mwaka wa 1948 pekee.

Hata hivyo, kalamu yake haikuwasahau wenzake. Jengo la vijana la YMCA katika Barabara ya 28, lililofunguliwa 1926, liliwapa vijana weusi malazi na kidimbwi cha kuogelea, wakati ambapo vidimbwi vya umma viliwabagua. Alishiriki kusanifu makazi ya gharama nafuu ya Langston Terrace jijini Washington na Pueblo del Rio jijini Los Angeles, kisha makao makuu ya kampuni ya bima ya Golden State Mutual, iliyomilikiwa na weusi, mwaka wa 1949.

Hospitali ya watoto ya St. Jude, iliyofunguliwa Memphis mwaka wa 1962 kutibu watoto wa rangi zote, aliisanifu bila malipo.

Williams aliaga dunia Januari 1980. Taasisi hiyo ilimtunuku Nishani ya Dhahabu mwaka wa 2017, miaka 37 baadaye.