Robert Koch na Mwanga wa Hadubini

Mara nyingi hadubini hutolewa kabatini, watoto wakapanga mstari, kila mmoja akachungulia na kuona giza tu. Kosa si la watoto. Ndiyo maana twaona vyema kumkumbuka hapa mtu aliyejua kuiandaa kabla ya kutazama.

Robert Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, tarehe 11 Desemba 1843. Akiwa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, alitibu wagonjwa na papo hapo kuchunguza kimeta kilichoua mifugo; matokeo aliyachapisha mwaka 1876. Hakuwa na maabara ya chuo chochote, jambo ambalo mwalimu wa Bariadi ataliona la kawaida.

Kifua kikuu kilimpa taabu zaidi. Vijidudu vyake ni vyembamba mno, tena havionekani bila rangi. Koch aliweka chini ya kigae lenzi ya kukusanya mwanga iliyobuniwa na Ernst Abbe, akadondosha mafuta kati ya kigae na lenzi ya juu ili mwanga usitawanyike, akatia sampuli rangi ya buluu, kisha ya kahawia. Vijidudu vikabaki buluu, vingine vyote vikawa kahawia. Hata hadubini za leo, zipitishazo mwali wa leza juu ya sampuli nukta kwa nukta, hudai maandalizi ya namna hiyo. Nasi tunaweza kuanza na ngozi nyembamba ya kitunguu cha sokoni na tone la ayodini: kioo kielekezwe penye anga jeupe, kamwe si kwenye jua lenyewe, na lenzi ya ukuzaji mdogo itangulie.

Tarehe 24 Machi 1882, alipotangaza ugunduzi wake mjini Berlin, Koch hakutegemea maneno. Alileta hadubini na vigae vilivyo tayari, wasikilizaji wakajionea wenyewe. Huo ndio ufundishaji.

Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata alipiga kambi visiwani Ssese, Uganda, ambako malale yalikuwa yakiwamaliza wakazi. Ziwa Viktoria, lenye visiwa hivyo, ndilo linalogusa Mkoa wa Simiyu upande wa Busega. Na ndorobo, mdudu aenezaye malale, si mgeni kwa wachungaji wanaopakana na Pori la Akiba la Maswa. Koch alitazama majimaji ya tezi za shingo, akitafuta vimelea vilivyo hai, akatibu kwa atoksili. Vimelea vilitoweka damuni kwa muda. Alipoongeza kipimo cha dawa, baadhi ya wagonjwa walipofuka wasione tena. Wasifu nyingi hupita hapo upesi. Sisi twaona mwanafunzi astahili kuambiwa, maana kigae kisicho na vimelea hakikueleza lolote juu ya macho ya mgonjwa.

Koch aliondoka Ssese mwaka 1907, akafariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.