Mwenda Jean-Bosco: gitaa la Likasi lililofika mbali

Wavuvi wa Tshangalele wanajua kwamba ziwa lao si la asili. Lilitokea wakati Wabeleji walipoziba mto Lufira pale Mwadingusha, na kituo cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930. Mwaka huohuo, huko Bunkeya, makao makuu ya Wayeke, alizaliwa Mwenda Jean-Bosco.

Umeme huo uliendesha viwanda vya shaba vya Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Viwanda vilivuta vijana kutoka kila upande, kila mmoja na nyimbo za kwao, na gitaa likawakutanisha. Bosco alikuwa mmoja wao.

Februari 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyetoka Afrika Kusini, alimkuta Jadotville akipiga gitaa barabarani, akamrekodi. Wimbo «Masanga» ulipata tuzo ya Osborn ya muziki bora wa Afrika wa mwaka huo. Hakukuwa na bendi wala ngoma. Bosco alitumia vidole viwili tu: kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikapiga sauti ya juu. Asiyemwona angedhani wapigaji ni wawili. Juu yake aliimba polepole, kwa Kiswahili cha Katanga.

Santuri zake, chini ya jina la Gallotone, zilisambaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, akasikika redioni, na wapiga gitaa wengi wa Kenya wakafuata mtindo wake. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani.

Lakini nyumbani, rumba ya magitaa ya umeme ndiyo iliyotawala, na muziki wake wa utulivu haukumlisha. Alifanya kazi benki huko Lubumbashi, pia katika kampuni ya Gécamines. Mobutu alipoamuru majina ya kizungu yaachwe, alijulikana kama Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1988 alirekodi tena, safari hii Cape Town. Septemba 1990, ajali ya gari ilikatisha maisha yake.

David Rycroft, mtaalamu wa muziki, alikuwa ameshaandika upigaji wake kwa nota tangu miaka ya 1960, kwa hiyo mgeni wa mbali anaweza kujifunza. Likasi bado ina wazee waliomsikia kwa masikio yao. Wakiondoka bila kuwaonyesha vijana, tutalazimika kwenda kuuliza ugenini habari za mtoto wetu.