Bwana Greenway na Majina ya Miti

Ufunguo wa utambuzi unaujua: mmea una miiba au hauna? Vijani vinakaa vitatu vitatu au la? Unajibu, unasonga hatua nyingine, mpaka jina lipatikane. P. J. Greenway aliishi kwa kazi hiyo.

Alizaliwa mwaka wa 1897, akawa mtaalamu wa mimea kule Amani, milima ya Usambara, Tanganyika. Taabu ilikuwa majina. Mti huu tunaouita omotembe hapa Marani, Waluo wanasema orembe, pwani ni mwamba-ngoma. Tena jina moja laweza kubeba miti miwili! Mganga akichanganya, anayeumia ni mgonjwa. Basi Greenway akayapanga majina ya Kiswahili na ya Kilatini katika kamusi. Toleo la pili lilitoka mwaka wa 1940. Hapo ndipo ninapompendea, maana wengine wangetosheka na Kilatini tu.

Mwaka wa 1950 hazina ya mimea mikavu ya Amani ilihamishiwa Nairobi, naye akaja nayo. Alifariki mwaka wa 1980. Vitabu vya funguo za mimea ya Afrika Mashariki, vilivyoanza kutoka mwaka wa 1952, vilikamilika mwaka wa 2012. Omotembe wetu umo.